Kicheko Kilichofundisha Sikio

Kitu cha kwanza nilichokigundua kilikuwa kidogo sana. Kicheko kilichozibwa na kiganja hakitoki kama kicheko kingine.

Ukivaa hedifoni unakisikia. Kicheko cha mdomo wazi hutoka kifuani na huisha kinapotaka chenyewe. Hiki cha kiganjani huanzia puani, hugonga vidole, hurudi ndani, na mwisho wake kuna pumzi moja fupi, kama ya mtu aliyeonja chai ya moto. Nilikisikia siku yangu ya kwanza kazini, nikakisikia kesho yake, na kila nilipokisikia nilibonyeza kitufe cha kijani, kwa sababu ndivyo tulivyoelekezwa. Ukutani mbele yetu palibandikwa maandishi makubwa: KICHEKO NI SALAMA.

Tulikuwa wanawake pekee kwenye chumba kilichokuwa juu ya stesheni ya Kirumba, na dirishani tuliona vikapu vikipita. Vikapu ni jina ambalo watu wa Mwanza waliyapa yale magari madogo yanayoning'inia kwenye kamba za chuma, yakipanda kutoka ziwani hadi kwenye nyumba zilizojengwa juu ya mawe kule Igogo, ambako barabara haikuwahi kufika. Mlango wa kikapu ukishafungwa, hakuna kushuka mpaka nguzo inayofuata. Vilipoanza, wanawake waliumizwa humo ndani, wengine vibaya, na hakuna aliyejua, maana chini kulikuwa na mawe na juu mawingu.

Kampuni ya vikapu ilitaka kuweka kamera. Wanawake wa Igogo wakakataa. "Na huko mwisho wa waya atakaa nani anatutazama?" waliuliza, na hakuna aliyewajibu vizuri. Ndipo likaja Sikio.

Sikio ni kitu cha duara kinachokaa kwenye dari ya kikapu, ukubwa wake kama kifuniko cha chupa ya chai. Halielewi maneno. Unaweza kutukana kwa Kisukuma au kwa Kihaya, halijali. Linachofuata ni pumzi, mtetemo wa koo, na jinsi sauti inavyopanda na kukatika. Likisikia hofu, taa yake hugeuka nyekundu, kikapu husimama kwenye nguzo inayofuata, mlango hufunguka, na walinzi wanakuwa wameshafika pale. Likisikia utulivu, taa hubaki kijani. Likiwa na mashaka, hutuletea sisi sauti ile ile, wakati ule ule, tuamue.

Lakini Sikio halikuzaliwa linajua hofu. Lilifundishwa, na mimi nilikuwa mmoja wa wasichana walioitwa kulifundisha. Walikodi ukumbi wa harusi, wakaweka kikapu sakafuni, wakamlipa mwanamume mmoja awe abiria. Msichana anakaa peke yake. Yule bwana anaingia, anakaa karibu, anasogea, anaweka mkono nyuma ya kiti, anasogea tena. Wataalamu wako nyuma ya kioo wanarekodi. Wapo waliopiga kelele. Mmoja alimpiga kiatu cha uso, ukumbi mzima ukashangilia.

Zamu yangu ilipofika, nilicheka. Niliziba mdomo kwa kiganja nikacheka.

"Huyu hana wasiwasi kabisa," mtaalamu mmoja alisema. "Sikilizeni hicho kicheko kilivyo safi. Mrudisheni."

Wakanirudisha, na yule bwana akarudishwa, nikacheka tena na tena mpaka wakatosheka. Kicheko changu ndicho kikawa kipimo cha salama. Mama yangu aliwatangazia majirani kwamba sauti ya mwanawe imo kwenye kila kikapu cha mji huu. Ndicho kilichonipa kazi, mimi niliyeishia darasa la tano.

*

Stesheni ya Igogo ina milango miwili. Mmoja umechorwa maua ya kitenge, huo ni wa vikapu vya wanawake. Mwingine hauna mchoro, ni wa vikapu vya wote; huo humfungukia yeyote anayetaja jina. Kwenye mlango wa maua hakuna anayekagua. Unasogea, unataja jina lako, mlango unaipima sauti na kuamua.

"Minza," nilisema, ukafunguka.

Nyuma yangu alikuwa Selestina. Alivuta pumzi, akabana koo, akasema polepole, kwa sauti nyembamba aliyokuwa ameifanyia mazoezi jikoni kwake tangu alfajiri, "Selestina."

Taa nyekundu. Mlango ukasema kwa upole, "Tafadhali tumia kikapu cha wote."

"Jamani, kila siku mchezo ni huo huo!" alilalamika mama mmoja kwenye foleni. "Tupishe basi, kaka!"

"Mchezo ni wako, mama, wa kupaka poda mpaka masikioni," Selestina alimjibu kwa sauti yake mwenyewe, ile nzito. Foleni ikaangua kicheko. "Njoo saluni nikusuke. Huo utosi nikiutazama kutoka huku juu nauonea huruma."

"Mwanamume gani ana maneno hivi!"

"Njoo tu. Kwanza utaona mikono yangu, maneno baadaye."

Selestina alikuwa mrefu, mikono yake mikubwa na myepesi, yenye pete vidoleni, msusi ambaye watu wa Kirumba walimsubiri hata akichelewa. Alipozaliwa alipewa jina la mvulana, na kwao hawajawahi kumwita vingine. Sisi tulihamia jirani naye nikiwa mdogo nikamkuta ni Selestina, akawa ananisuka kila Jumapili mlangoni kwetu. Sikuwahi kuona sababu ya kuuliza.

"Twende wote kwenye cha wote," nilimwambia kwa sauti ya chini. Mimi nikiwa mbele za watu sauti yangu hujificha.

"Wewe nenda kazini, mdogo wangu. Ukifukuzwa, nani atanisikiliza mimi huko juu?"

Akacheka. Kicheko cha Selestina kilikuwa kama debe linaloviringika juu ya mawe, mdomo wazi, mpaka pengo la jino la nyuma likaonekana. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona anaziba mdomo.

*

Mchana wa siku hiyo nililetewa sauti, jua likiwa limewaka juu ya ziwa na wenzangu wakipiga miayo. Kikapu cha wote, kinapanda kuelekea Igogo. Sikio lina mashaka.

"Hebu ongea tena," alisema kijana mmoja. "Ongea tu, tusikie."

"Taja jina lako, mrembo. Jifanye sisi ndio mlango."

"Mlango umemkataa huyu, mimi nilimwona asubuhi. Sasa tumkague wenyewe, tujue kosa ni la nani."

Vishindo. Kitu cha plastiki kilianguka na kusambaa, labda kopo la shanga za nywele. Kiti kikalia. Halafu nikasikia kicheko. Kilianzia puani, kikagonga vidole, kikarudi ndani. Mwisho wake, pumzi moja fupi.

Nilifahamu ile pua. Nilifahamu zile pete zilizogongana mbele ya mdomo.

Kitufe cha kijani kilikuwa kinawaka na kuzima, maana yake Sikio lilikuwa limeshaelekea huko na lilikuwa linaningojea nikubali.

Holo, aliyekaa kiti cha pembeni, alivua hedifoni moja akaegemea kwangu. Holo ndiye aliyekuwa mcheshi wa chumba kile. "Si kicheko hicho? Bonyeza, dada, tukale."

"Ni Selestina."

"Sasa kama unamjua, si unamsikia anafurahi na wenzake?"

"Huwa hazibi mdomo."

"Minza. Soma ukuta."

Vijana nao walikuwa wanacheka sasa, na katikati yao kile cha kiganjani kilizidi kupanda, kikawa chembamba, chembamba kuliko ile sauti ya mlangoni. Nikabonyeza nyekundu. Nikashikilia kidole pale pale hata baada ya kamba kusimama, kana kwamba kikitoka itaondoka tena.

*

Waliwashusha wote na kuwaleta kwenye kibanda cha walinzi chini ya stesheni yetu. Nilishuka ngazi bila kuomba ruhusa.

Vijana walikuwa wamesimama nje na jezi zao, mmoja anarekebisha kofia. Selestina alikuwa ndani, amekaa kwenye benchi. Blauzi yake ilikuwa imechanika begani na rasta za upande mmoja zilikuwa zimeng'olewa, zinaning'inia kwa nywele chache. Kiganja kilikuwa mdomoni. Alikuwa bado anacheka.

"Unaona?" mlinzi aliniambia. "Mtu amepigwa anacheka hivyo? Nimeuliza Sikio, limesema salama. Nyekundu imetoka kwenu huko juu. Na mlango wa wanawake umemkataa asubuhi, imeandikwa. Sasa humo ndani walikuwa wanaume tu, na hawa vijana wanasema huyu ndiye aliyewashika. Wewe ungemkamata nani?"

"Wamemng'oa nywele," nilisema, ila sidhani kama nilisikika.

"Sema kwa sauti, binti."

Selestina alitoa kiganja. Kicheko kilikuwa bado kinatoka chenyewe kama kwikwi. "Minza, rudi kazini."

Mlinzi akaeleza utaratibu. Nyekundu iliyobonyezwa na mtu wakati Sikio linasema kijani lazima ipelekwe kwenye kamati inayosimamia kamba. Kamati ikiona vijana wamesema kweli, sauti ya Selestina itafungwa. Hakuna mlango wa kamba utakaomfungukia tena, wa maua wala wa wote, na kutoka pale atakabidhiwa polisi. Nilifikiria miamba ya Igogo, na saluni yake iliyo huku Kirumba, na wale polisi wangemweka chumba gani.

*

Madam Koku, mkuu wa wasikilizaji, aliniita kwenye varanda siku ya kamati, kabla hatujaingia. Jina lake kamili ni Kokubanza, alisoma mpaka ng'ambo, lakini hakuwahi kuongea na sisi kama watu wa chini yake. Alinishika mkono.

"Minza mwanangu, utasema nini humo ndani?"

"Kwamba alikuwa anaogopa."

"Watauliza umejuaje."

"Kwa kicheko."

Alitazama vikapu vikipita, kivuli kimoja kimoja juu ya paa za bati. "Basi ukisema hivyo, unasema Sikio limefundishwa vibaya tangu mwanzo. Unajua kuna wajumbe wa kamati ambao hawakulitaka kabisa? Wanasema linawaonea wanaume, linachelewesha kamba. Wanangoja neno moja tu. Ukiwapa hilo neno, hawatalifundisha upya. Watalishusha. Vikapu vyote, kuanzia jioni ile ile."

"Na Selestina?"

"Nipe muda. Nitalifundisha upya kimyakimya, kidogo kidogo, bila wao kujua. Itachukua muda mrefu, lakini itafanyika."

"Na Selestina, madam?"

Aliuachia mkono wangu. Aliponigeukia macho yalikuwa mekundu. "Unadhani sikijui kile kicheko? Nimekwenda nacho shule, nikaenda nacho ng'ambo, nikarudi nacho. Ninakijua. Ila wapo wanaopiga kelele, Minza, na wale Sikio linawasikia. Kila siku linawasikia. Hao nao ni watu."

Nikaingia ndani kuchukua kitambaa changu cha kichwa, nikamkuta Holo kwenye mlango. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Nimesikia mnachoongea," alisema. "Mdogo wangu wa mwisho aliokolewa na lile Sikio. Alipiga kelele, kikapu kikasimama, leo yuko hai anapika nyumbani. Huyo Selestina wako simchukii. Lakini likishushwa, halafu mdogo wangu akapanda, mimi na wewe tutaangaliana vipi?"

Nikajifunga kitambaa, nikampita. Swali lake ninalo hata sasa.

*

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, na juu yake, kwenye dari, walikuwa wamefunga Sikio moja la kuonyesha wageni. Taa yake ilikuwa kijani. Selestina alikaa karibu na mlango, kichwa amekifunga kitenge, mlinzi pembeni yake. Hakunitazama.

Mwenyekiti, Bwana Mashauri, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kupendeza. Aliingia akisalimia kila mtu. Alipofika kwa Madam Koku aliweka mkono begani kwake na hakuuondoa.

"Madam wetu leo amependeza. Namwambia kila siku, akiniruhusu nitampeleka mimi mwenyewe Igogo kwa kikapu, sisi wawili, tuone kama hilo Sikio litatusema!"

Wajumbe wakacheka. Madam Koku naye akacheka. Aliinua kiganja mpaka mdomoni, na kutoka nilipokuwa nilisikia bila hedifoni: puani, vidoleni, ndani, halafu ile pumzi fupi. Nikatazama juu. Kijani.

Macho yetu yakakutana. Akawa wa kwanza kuyashusha.

Walifungulia sauti iliyorekodiwa kikapuni. Iliijaza meza yote, vishindo, kopo, maneno ya vijana, na kicheko cha Selestina kikipanda. Mjumbe mmoja akatabasamu. Selestina alikuwa ameuma upindo wa kitenge.

"Tumesikia," alisema mwenyekiti. "Mimi ni mtu mzima, nimesikia watu wakiogopa. Huyu anaogopa huyu? Huyu yuko harusini! Haya, binti uliyebonyeza nyekundu, simama. Hebu tueleze. Ulisikia nini wewe ambacho mtambo wote huu haukusikia?"

Nikasimama. Vichwa vyote vikanigeukia. Hiki ndicho kitu nilichokikimbia maisha yangu yote, watu kugeuka na kungoja nifungue mdomo. Bwana Mashauri alikuwa ameegemea mbele, anatabasamu, ananitazama kuanzia usoni kwenda chini na kurudi.

Kikaja. Sikukiita. Kilianzia puani, na kabla sijajua mkono wangu ulikuwa umeshafika mdomoni.

"Haya, na huyu naye anacheka!" Mwenyekiti alipiga meza. Akaelekeza kidole darini. "Tazameni taa. Kijani kabisa. Kumbe ni mambo ya utani tu, binti, ulituchezea. Sema ulikosea, tusamehe, tufunge."

Ingekuwa rahisi. Madam Koku alikuwa ameshika kalamu kwa mikono yote miwili. Holo alikuwa amesimama mlangoni na wasikilizaji wengine, akinitazama kama anayeniomba kitu. Nilimwona mdogo wake ndani ya macho yake, msichana nisiyemjua, anapanda kikapu chenye tundu tupu darini.

Selestina ndipo akainua kichwa. Aliona mkono wangu ulipokuwa. Yeye hakuwa anacheka tena, na aliniangalia hivyo, bila kuniambia nifanye nini.

Nikaushusha mkono. Ulikuwa mzito, nikaushika kwa mkono wa pili ili usipande. Kicheko kiliendelea kutoka kidogo, bila kitu cha kukizuia, kibaya, kama mbuzi anayekohoa. Nikangoja kiishe.  Nadhani ndiyo mara yao ya kwanza kukisikia bila kiganja.

"Kicheko ambacho Sikio linakijua ni changu," nilisema. "Walikichukua ukumbini. Yule bwana alikuwa ananisogelea, nikacheka, wakasema hana wasiwasi. Wakamrudisha."

"Sauti, binti," alisema mjumbe mmoja, ila kwa upole.

"Na shule niliacha kwa sababu hiyo. Palikuwa na mtu mzima aliyekuwa ananingoja kwenye mawe, njia ya shuleni. Jirani alituona. Akaenda kumwambia baba kwamba nimeonekana nacheka naye. Baba hakuniuliza, alinitoa shule tu. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikumwambia mtu, hata mama, hata Selestina aliyekuwa ananisuka kila Jumapili."

Juu yangu taa ilikuwa bado kijani. Niliiona, na wao waliiona, na niliona mwenyekiti akiitazama kisha akinitazama, tabasamu likiwa limebaki mdomoni bila mwenyewe. Mlangoni Holo alikuwa amefunika uso. Nilijua nikisema litakalofuata halitarudi, na kwamba kuna mtu atakayelilipia ambaye hayumo chumbani humu.

Nikalisema kwa sauti, kama mtu anayetaja jina lake mlangoni.

"Sikuwa ninacheka naye. Nilikuwa ninaogopa."